Mwembe Uliohama: Namna ya Kupiga Picha za Panorama Bila Kusogeza Mipaka

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama waliochaguliwa kupiga picha za parseli na za mwambao, Kalemie



Komite iliniomba niongee juu ya picha. Najua kuna mtu anajiuliza: tumerudi, nyumba bado hazina mabati, maji ya ziwa yameingia mpaka kwenye avenyu, na huyu anakuja kutufundisha kupiga picha? Mnivumilie kidogo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mnajua namna mambo yalivyo kwetu. Sheria ya tarehe 20 julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, lakini huko vijijini ni shefu na wazee ndio wanaogawa mashamba, na watu wenye karatasi ni wachache. Mpaka ni mwembe, ni mchikichi, ni kijito, ni msingi wa jiko la zamani. Halafu vita vya 2016 na 2017 vikaja, nyumba zikachomwa, watu wakakimbilia hapa Kalemie na fasi zingine. Wazee waliokuwa wanajua mipaka, wengine hawakurudi. Miti njo ilibaki. Kwa hiyo shirika ninalolitumikia lilituambia: piga panorama ya kila parseli ya mtu aliyerudi, yaani picha nyingi zinazounganishwa kuwa picha moja ndefu, ili kesho kukiwa na matata kuwe na kitu cha kuonyesha.

Katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Nyunzu nilipiga panorama ya parseli ya mama mmoja mjane. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimechoka. Nilisimama karibu na mwembe wake, nikanyosha mikono na telefone, nikazunguka kama tunavyofanya wote kwenye harusi. Dakika moja, kazi imekwisha, nikapanda pikipiki.

Baadaye picha ile ikaletwa kwenye kikao cha wazee, imechapwa kubwa kabisa. Katika picha, mwembe ulikuwa umesimama mbele ya ukuta wa jiko la jirani. Shina lilikatika katikati kama limepigwa panga, na tawi moja lilionekana mara mbili. Jirani akasimama: "Muone benyewe. Picha haidanganye. Muti iko kwangu." Yule mama hakumwangalia jirani, aliniangalia mimi. "Mutoto wangu, ule mwembe njo bwana yangu alipanda. Ulihama siku gani?"

Sikuwa na jibu. Bahati nzuri wazee walikataa kuamua siku ile.

Kitu gani kilihamisha mwembe?

Tufanye jaribio wote pamoja. Fumba jicho la kushoto. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba mpaka kifunike kile kitasa cha mlango kule mwisho. Sasa fungua la kushoto, fumba la kuume. Mmeona? Kidole kimeruka. Mlango haukutembea, kidole hakikutembea. Ni jicho linaloangalia ndilo limebadilika. Kati ya macho yako mawili ni karibu santimetre 6 tu, na hizo santimetre 6 zinatosha kurusha kidole. Jambo hili linaitwa paralaksi: kitu cha karibu kinaonekana kusogea mbele ya kitu cha mbali kwa sababu jicho limehama.

Sasa rudini kwangu na telefone yangu. Mikono ilikuwa imenyoka, telefone iko karibu santimetre 50 kutoka katikati ya mwili wangu. Nikizunguka digri 30, yaani theluthi moja ya kona ya mraba, telefone inasafiri karibu santimetre 26. Tuliporudi kupima, mwembe ulikuwa metre 3 kutoka pale niliposimama, na ukuta wa jiko metre 12. Fanyeni hesabu: jicho likihama santimetre 26, mwembe ule unaonekana kusogea santimetre 78 juu ya ukuta ule. Karibu metre nzima! Programu ya telefone ikaona mwembe uko fasi mbili tofauti mbele ya ukuta mmoja. Ikabidi ichague. Ikachagua, na haikuuliza mzee yeyote.

Kwa vitu vya mbali hakuna matata. Ukipiga milima, au ziwa na mitumbwi iliyo mbali, santimetre 26 si kitu. Matata yanaanza pale kitu cha karibu na kitu cha mbali viko pamoja katika picha. Na parseli zetu zote ziko hivyo: mti mbele, nyumba nyuma.

Trepie peke yake haitoshi

Wengi wanafikiri ukiwa na trepie umemaliza. Hapana. Trepie inapunguza kosa, haiondoi. Angalieni kamera hii ya chama: tundu la skrubu liko chini ya mwili wa kamera, lakini jicho lake limetokeza mbele. Ukifunga hivi na kuzungusha, mwili unabaki pale pale ila jicho linazunguka nje. Jicho likiwa santimetre 8 mbele ya mhimili, mzunguko wa digri 30 unalihamisha karibu santimetre 4. Kwa ule mwembe wetu ingekuwa bado santimetre 12 juu ya ukuta.

Kinachotakiwa ni kuzungusha kamera juu ya jicho lake lenyewe. Kuangalia kwa mbele, ndani ya vioo unaona kitundu ambamo mwanga unapita. Pale unapokiona kitundu hicho, ndipo mhimili wa trepie unatakiwa kupita. Kwa hiyo kamera inapaswa kurudi nyuma juu ya trepie, na kwa hilo unahitaji kipande cha chuma chenye mwanya mrefu ili kamera iteleze mbele na nyuma. Si lazima kitoke Ulaya. Fundi wa vyuma anaweza kukitengeneza; mpelekee trepie na kamera apime skrubu, ambayo kwa kamera nyingi ni ya robo inchi.

Namna ya kutafuta fasi sawasawa ni hii:

1. Simama mbele ya kamera. Hakikisha jicho liko juu kabisa ya mhimili, halikwenda kushoto wala kuume. Ukitaka kupiga kamera ikiwa wima, usiilaze tu pembeni mwa trepie, maana jicho linatoka nje ya mhimili. Tumia chuma kilichokunjwa kama herufi L.

2. Weka trepie sawa na ardhi. Kama haina kipimo cha maji, chupa ya maji iliyojazwa nusu inasaidia.

3. Simika kijiti metre 1 mbele ya kamera. Tafuta nguzo au kona ya nyumba iliyo mbali, ukilinganishe nayo, kimoja mbele ya kingine.

4. Zungusha kamera kuelekea kuume, mpaka vile viwili viwe pembeni mwa picha. Angalia. Kama kijiti kimekimbilia kushoto ya nguzo, kamera iko mbele mno: irudishe nyuma. Kama kijiti kimefuata upande wa kuume, kamera imerudi nyuma mno: isogeze mbele.

5. Rudia mpaka kijiti na nguzo visiachane, ukizungusha kuume au kushoto. Halafu piga alama kwenye chuma kwa msumari. Ukibadilisha zumu, fasi ile inabadilika pia, kwa hiyo chagua zumu moja na ubaki nayo.

Na asiye na trepie?

Wengi wetu tuko na telefone tu. Sawa. Chukua kamba, funga jiwe dogo kwenye ncha moja. Ncha nyingine ibandike chini kabisa ya jicho la telefone, jiwe lining'inie karibu liguse udongo. Weka alama chini, hata kifuniko cha soda. Sasa piga, na kila mara jiwe libaki juu ya kifuniko. Utaona kwamba huwezi tena kusimama kama mlingoti na kuzungusha mikono. Ni wewe unayetembea kuzunguka telefone, hatua ndogo ndogo. Watoto watakucheka. Waache wacheke.

Kwa parseli, msitumie ile panorama ya kuvuta moja kwa moja. Pigeni picha moja moja, kila picha ichukue theluthi moja ya ile iliyotangulia, halafu tutaziunganisha ofisini. Fungeni mwanga na umbali visijibadilishe vyenyewe. Mti wa mpaka uwe katikati ya picha moja, usiwe pale picha mbili zinapounganika. Kama mnaweza kurudi nyuma hatua ishirini, rudini. Kadiri kitu cha karibu kinavyokuwa mbali, kosa linapungua. Na picha za mwanzo, zile ambazo hazijaunganishwa, zisifutwe hata siku moja. Ndizo zilizoniokoa.

Wale wa mwambao, neno moja kwenu. Maji yalipanda 2021, yakapanda tena 2024, na Lukuga ndio mto peke yake unaotoa maji ya ziwa letu. Tunataka picha za kila mwaka ili tuonyeshe maji yamefika wapi. Lakini ukipiga mwaka huu hapa na mwaka kesho hatua tatu pembeni, ukuta utaonekana umesogelea maji wakati haukusogea. Simikeni jiwe la alama, andikeni kimo cha trepie, rudini pale pale. Na kwa kuwa jua linatoka upande wa ziwa, mwambao upigeni mchana baada ya saa nane, siyo asubuhi.

Mwisho wa ule mwembe

Tulirudi kijijini na kamba na jiwe. Tuliita familia zote mbili, kila mmoja akasimama na kuangalia ndani ya telefone kabla sijapiga. Safari hii mwembe ulitoka mzima, shina moja, matawi yake, upande wa kushoto wa kona ya jiko. Zile picha za mwanzo, moja moja, zilionyesha vile vile, kila moja kadiri ya pale telefone ilipokuwa.

Lakini niseme ukweli: wazee hawakuamua kwa picha. Walitembea mpaka kwa miguu, wakanyosha kamba kutoka mwembe hadi msingi wa zamani, wakasikiliza watu. Na walikuwa na haki. Hata panorama isiyo na kosa ni ushuhuda wa mtu aliyesimama fasi moja. Akisimama upande wa pili, mti utaonekana mbele ya ukuta mwingine. Picha si ramani. Kwa hiyo kila parseli ipigwe kutoka pande mbili, vipimo viandikwe kwa kamba ya metre, na majirani wote wawepo. Kazi ya picha ni kutompinga mtu anayesema kweli. Yangu ilikuwa imempinga.

Mama amebaki na mwembe wake. Kwa upande wangu, niliandika kwa wafadhili kwamba picha ya kwanza iondolewe katika raporo, nikaeleza sababu. Haikuwa barua tamu kuandika. Ninyi mnaosoma mbali, mkipata barua ya namna hiyo kutoka kwetu, msidhani kazi imeharibika. Ni mtu amerudi kupima.

Jumamosi asubuhi tutafanya mazoezi kwenye uwanja wa chama. Kila mmoja alete telefone yenye moto, kamba ya metre mbili na jiwe. Kijiti nitaleta mimi.