Reli ya Kusini: Ya Kwanza Ilijengwa kwa Karanga, Hii Iwe na Abiria

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa Kusini. Nayaweka hapa kwa ambao hawakuwepo.



Leo nataka tuongelee reli. Wengi wetu hapa hatujawahi kuona treni Kusini, lakini treni ilikuwepo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa na shida ya mafuta ya kupikia. Wakaja kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Huku kwetu wakajenga bandari Mtwara, na reli ya kwenda Nachingwea kuchukua karanga.

Mwaka 1951 mradi ukafa. Reli ikakosa mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Ndugu zangu, ile reli ilijengwa kwa mzigo mmoja. Mzigo ulipoondoka, nayo ikaondoka. Mwananchi hakuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Sasa serikali inatuahidi reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Mimi siipingi, tena naitaka hata kesho. Makaa ya mawe na chuma ni mali yetu, yatoke. Ila kila hotuba ni makaa na chuma, chuma na makaa. Jamani, abiria yuko wapi? Mwanafunzi wa Tunduru anayekwenda chuo, mama wa Masasi mwenye magunia yake mawili ya mbaazi, wao watapanda nini?

Watasema treni ya abiria hailipi. Waulizeni ya Kaskazini. Moshi walikaa zaidi ya miaka 20 bila treni ya abiria. Ikarudi Desemba 2019, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Ni njia ileile ya zamani, ilikarabatiwa tu. Mzigo na abiria wanapita reli moja.

Tofauti yetu ni kwamba wenzetu walibaki na vyuma, sisi vyetu viling'olewa. Sisi tunaanza upya, kwa hiyo tusipoingia kwenye mkataba sasa, baadaye tutaambiwa vituo havikuwemo kwenye bajeti.

Tunadai mambo matatu. Moja, mkataba utaje treni ya abiria na siku zake. Mbili, vituo vijengwe kwenye miji na vijiji, pamoja na maghala ya korosho, mahindi na mbaazi. Tatu, mkataba uwekwe wazi, tuusome.

Ukirudi kwenye kata yako, mwulize diwani, mwulize mbunge: abiria yumo? Akijibu yumo, mwambie akuonyeshe ukurasa.

Vijana oyee!