NDEGE ZA VITA ZINYWAPO MAFUTA ANGANI



Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Neno hilo lazifaa sana ndege za jeti. Ya kwanza ilirushwa na Wajerumani tarehe 27 Agosti, 1939, na Waingereza wakarusha yao tarehe 15 Mei, 1941. Mtambo wa jeti huvuta hewa kwa mbele, huishindilia, huichoma pamoja na mafuta, kisha huitupa nyuma kwa nguvu nyingi, na ndege husukumwa mbele. Mwendo ulikuwa wa ajabu, lakini mafuta yalikwisha upesi. Rubani aliyekwenda mbali ilimpasa kuogopa kipimo cha mafuta kama alivyomwogopa adui. Wala kuongeza matangi hakukutosha, kwani ndege iliyopakiwa mno huwa nzito, ikapoteza wepesi ambao ndio silaha yake.

Dawa ilikuwa kutia mafuta huko huko angani. Jambo hilo lilikwisha jaribiwa. Mwezi wa Juni, 1923, askari wawili wa Marekani, Lowell Smith na John Richter, walipokea mafuta juu ya California kwa mpira mrefu ulioteremshwa kutoka ndege nyingine. Mtu aliudaka mpira kwa mikono yake. Lakini katika ndege ya jeti yenye rubani mmoja, iendayo kasi, nani atakayetoa mkono nje?

Jibu lilitoka Uingereza, kwa kampuni ya Sir Alan Cobham, rubani mashuhuri aliyeruka kutoka London hadi Cape Town na kurudi katika miaka ya 1925 na 1926. Ndege ya mafuta huburura mpira wenye kikapu mwishoni, mfano wa mdomo wa tarumbeta. Ndege ya vita ina mrija wa chuma kwa mbele. Rubani husogea polepole mpaka mrija uingie kikapuni. Vizibo hufunguka vyenyewe, mafuta yakapita. Akipunguza mwendo, mrija huchomoka na vizibo hujifunga. Tarehe 7 Agosti, 1949, ndege ya jeti aina ya Meteor ilitiwa mafuta mara 10 kwa njia hiyo, ikakaa angani saa 12 na dakika 3.

Hata hivyo hatari haikwisha. Tarehe 22 Septemba, 1950, Wamarekani wawili, David Schilling na William Ritchie, waliondoka Uingereza, kila mmoja katika jeti yake aina ya F-84, ili kuvuka Bahari ya Atlantiki bila kutua. Schilling alifika Marekani baada ya saa 10 hivi. Ritchie hakuweza kupokea mafuta ya mwisho. Yalipomwishia alikuwa ameifikia nchi ya Kanada. Akaiacha ndege yake, akashuka kwa mwavuli, akaokolewa.

Tangu siku hizo ndege za vita zimebadilika sana, lakini kiu yao haijaisha. Nyingine hutumia kikapu na mrija. Nyingine hutiwa mafuta kwa bomba gumu linaloongozwa na mtu aliye katika ndege ya mafuta. Basi mtu asikiapo kwamba ndege ya vita imevuka bahari, na akumbuke pia ile ndege nzito, isiyo na silaha wala sifa, iliyoingojea njiani. Isipofika kwa saa yake, mbio zote ni bure.