Mavuno Tusiyoyapanda

(Mazungumzo yaliyotolewa Msanzi katika Sikukuu ya Mavuno, mbele ya washarika na wageni wa maadhimisho ya miaka 100)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya maana ya kiroho ya mavuno. Kabla hatujafungua Maandiko, naomba mtazame yaliyowekwa mbele ya madhabahu. Yapo magunia ya mahindi, madebe ya maharage, alizeti, maboga, ulezi katika ungo, na kuku waliofungwa miguu. Baada ya ibada vitu hivi vitauzwa kwa mnada, na fedha zitakazopatikana zitaingia katika kazi ya Bwana. Jambo hili tumelizoea. Lakini mazoea yana hatari yake, kwa maana mtu anaweza kuleta gunia madhabahuni kila mwaka asijiulize hata mara moja: mavuno haya ni ya nani? Swali hilo ndilo nitakalolishughulikia leo.

Wazee wa nchi hii ya Ufipa walikuwa na jibu lao, ingawa hawakuliandika katika kitabu. Walilima kwa matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Mvua zinapokuwa zimekolea na nyasi zingali mbichi, mkulima hukata mabonge ya udongo pamoja na majani yake, akayalundika kwa kuyageuza, nyasi zikabaki ndani. Hazichomi, bali huzizika. Juu ya tuta hupanda maharage au maboga. Nyasi zile huoza polepole kwa miezi mingi, na msimu unaofuata tuta huvunjwa, udongo ukasambazwa, na hapo ulezi hupandwa. Hivyo anayekula ulezi mwaka huu anakula kazi ya mwaka jana. Na pengine aliyelijenga tuta si yule anayelivunja, kwa kuwa katikati ya misimu miwili mauti yaweza kupita. Mtoto huvunja tuta la baba yake, na mjane huvunja tuta la mumewe. Katika kilimo cha namna hiyo hakuna mtu awezaye kusimama kwenye kihenge chake akasema, "Haya yote ni jasho langu peke yangu."

Neno la Mungu lafundisha jambo hilohilo, tena kwa kina zaidi. Nitataja mafundisho matatu.

Kwanza, mavuno ni kumbukumbu. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, Mwisraeli anaagizwa kutia malimbuko ya nchi katika kikapu na kumpelekea kuhani. Angalieni kwamba haruhusiwi kukiweka chini na kuondoka. Anapaswa kusema, na asemayo si habari za mbegu wala za mbolea, bali historia: kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, kwamba wazazi wake walitumikishwa Misri, na kwamba Bwana aliwatoa huko akawapa nchi hiyo. Mkulima aliyezaliwa Kanaani anakiri wokovu uliotendeka kabla hajazaliwa. Kisha anaamriwa afurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwake. Kikapu kisicho na ungamo ni chakula tu, na furaha isiyo na mgeni mezani haijawa furaha ya mavuno.

Pili, mavuno ni limbuko la ufufuo. Walawi sura ya 23 yaagiza kwamba mganda wa kwanza utikiswe mbele za Bwana siku inayofuata Sabato, na tangu hapo zihesabiwe siku hamsini hadi Sikukuu ya Majuma, ambayo sisi twaiita Pentekoste. Mtume Paulo anapomwita Kristo limbuko lao waliolala, katika 1 Wakorintho 15, anazungumza kama mtu anayeijua kalenda hiyo. Bwana wetu alifufuka siku inayofuata Sabato. Mganda wa kwanza umekwisha kuletwa, na shamba lote litafuata. Kwa sababu hiyo twawazika wapendwa wetu kwa machozi, wala si kwa kukata tamaa. Yesu mwenyewe alitufundisha, katika Yohana 12, kwamba punje ya ngano isipoanguka katika nchi na kufa, hukaa peke yake. Mkulima wa Ufipa anayezika nyasi mbichi ili zimpe ulezi hahitaji maelezo marefu kuhusu neno hilo.

Tatu, mavuno ni haki ya maskini. Hapa naomba msikilize kwa makini. Katika sura hiyohiyo ya 23 ya Walawi, katikati ya maagizo ya sikukuu, mara tu baada ya Pentekoste, imewekwa amri ambayo mtu angeitazamia mahali pengine: mvunaji asimalize pembe za shamba lake, wala asiokote masazo, bali amwachie maskini na mgeni. Naamini haikuwekwa hapo kwa bahati mbaya. Mungu hakutaka sikukuu ya mavuno isherehekewe huku pembe za mashamba zikiwa zimefagiliwa. Ruthu Mmoabu aliishi kwa amri hiyo katika shamba la Boazi, na katika uzao wake alizaliwa Daudi, na katika ukoo wa Daudi akaja Mwokozi. Pembe moja ya shamba iliyoachwa bila kuvunwa imo katika historia ya wokovu wetu.

Dkt. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo, alipoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana, hakuishia kwenye mkate. Alihesabu humo mavazi, nyumba, shamba, mifugo, serikali njema, hali nzuri ya hewa, amani na majirani waaminifu. Alifundisha pia kwamba Mungu huwapa riziki hata waovu, na kwamba twaomba ili tuitambue na kuipokea kwa shukrani. Na katika Katekisimu Kubwa, akieleza amri ya saba, alisema kwa ukali juu ya wizi unaofanyika sokoni mchana kweupe, kwa vipimo vya hila na bei za kuonea. Mtu ambaye hajawahi kuvunja kufuli la jirani anaweza kuwa mwizi mbele za Mungu.

Wapendwa, nikiishia hapo nitakuwa nimewahubiria ninyi, nami nimejiacha nje. Haifai. Kwa hiyo niruhusuni nieleze jambo langu mwenyewe, ambalo kwa miaka mingi sikulisema hadharani.

Katika mtaa mmoja niliowahi kuutumikia, mwezi wa Februari, vihenge vikiwa vitupu na mahindi yangali mabichi shambani, alinijia mama mmoja mjane. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, naye hakuwa na nauli wala fedha za dawa. Nilikuwa na akiba kidogo, nikampa. Lakini sikumpa bure, wala sikumkopesha fedha kwa fedha. Tulipatana kwamba akivuna ataniletea magunia matatu. Nikaandika katika daftari langu, naye akaweka dole gumba. Nikipiga hesabu leo, kiasi nilichompa kilikuwa karibu theluthi moja ya bei ya magunia yale wakati wa mavuno. Sikuona ubaya, kwa kuwa watu wengi walifanya hivyo, na nilijisifu moyoni kwamba nimemsaidia.

Mwezi wa Julai aliyaleta magunia yote matatu kwa mkokoteni wa ng'ombe wa kuazima. Sikukuu ya Mavuno ilipofika, nilitaka kuwa kielelezo kwa washarika, nikatoa magunia mawili. Kwaya iliimba, watu wakapiga makofi. Yule mama alipita katika mstari pamoja na wengine, akaweka bakuli la ulezi.

Jioni, tulipokuwa tukihesabu sadaka, mzee mmoja wa kanisa alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, magunia yale uliyoyatoa, si ya mama fulani? Kamba zile za magome nazitambua, huzisokota mwenyewe." Sikuwa na la kujibu. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimemtolea Mungu sadaka kwa mkono wangu kutoka katika kihenge cha mjane, na makofi niliyapokea mimi.

Asubuhi nilichukua gunia lililobaki, nikanunua mengine mawili, nikampelekea na kumwomba radhi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mchungaji, mimi nilidhani ndivyo kanisa linavyokopesha."

Maneno hayo yalinihubiri kuliko mahubiri yote niliyosikia chuoni. Mama yule hakunilaumu. Alikuwa ameamini kwamba Mungu ninayemhubiri ndivyo alivyo, kwamba naye hungoja njaa ya mtu ili apate faida. Kosa langu halikuwa magunia matatu tu, bali kumchafulia Mungu jina lake machoni pa mtu aliyekuwa akimtegemea. Nalirudisha gunia, lakini siwezi kuirudisha miezi ile ambayo mama yule aliishi akiamini hivyo.

Nayasema haya kwa sababu desturi ya kununua mahindi yakiwa shambani haijaisha. Bado yapo magunia ya lumbesi, yaliyojazwa kupita kipimo halali, ambayo mkulima hulipwa kama gunia moja tu. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwaona watu wa namna hii: walisubiri sikukuu ipite upesi ili wafungue maghala na kupunguza vipimo. Walihudhuria ibada, lakini mioyo yao ilikuwa sokoni. Na Mkoa wetu wa Rukwa unahesabiwa miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi. Ni aibu mbele za Mungu kama katika nchi ya shibe kuna nyumba inayouza chakula chake kabla hakijakomaa.

Tena tusidanganyike kwamba ghala lililojaa ndilo usalama. Yule tajiri wa Luka 12 alikusudia kuvunja maghala yake na kujenga makubwa zaidi, na usiku ule akaitwa. Sisi nasi tumefundishwa somo hilo na wadudu. Dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo amegeuza vihenge vingi kuwa vumbi. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia katika mashamba yetu. Nafaka iliyokaa ghalani yaweza kuliwa na dumuzi, bali ile iliyoingia katika kinywa cha mtoto wa jirani haiwezi kuibwa tena.

Sasa nageukia wageni wetu na miaka yenu mia moja. Bwana aliwaambia wanafunzi wake, katika Yohana 4, kwamba aliwatuma kuvuna wasichokitaabikia, na kwamba wengine walikuwa wamefanya kazi kabla yao. Sisi Walutheri wa Ufipa twalijua neno hilo vizuri. Hatukuwa wa kwanza kulitaja jina la Yesu katika pande hizi. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Upande wa Ziwa Nyasa, Wamoravian na wamisionari wa Berlin walianza kazi mwaka 1891. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa mwaka 1963, makanisa saba yalipoungana. Nyuma ya kila mwaka huo wako wapagazi, wapishi, walimu wa shule za vichakani na wanawake waliowapikia wainjilisti, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Wao walizika nyasi, na sisi twavunja tuta. Kitabu hiki cha kumbukumbu mnachokiandaa kiwe basi kama kile kikapu cha Kumbukumbu la Torati: kisiwe cha kujisifu, bali cha kuungama ya kwamba tulipewa.

Nanyi mkiniuliza ni ukumbusho gani unaofaa kuachwa na sikukuu hii, sitataja mnara wala kengele. Nawaomba kila mtaa uwe na ghala. Wakati wa mavuno kila nyumba ilete debe moja. Mwezi wa Februari, nyumba iliyopungukiwa ikope debe, na wakati wa mavuno irudishe debe, wala isirudishe mawili. Wazee wa kanisa watunze daftari, na mizani iwe ya haki. Itakuwa ndiyo pembe ya shamba letu tuliyoiacha bila kuivuna. Na mjane atakapokuja na kuondoka na chakula, akisema moyoni, "Kumbe ndivyo kanisa linavyokopesha," hapo atakuwa amemfahamu Mungu wetu kama alivyo.

Wapendwa, ipo siku ya mavuno ya mwisho, ambayo Bwana aliisema katika mfano wa ngano na magugu. Siku hiyo hatutaulizwa tulileta magunia mangapi madhabahuni. Yeye aliye limbuko atazitambua kamba. Na atupe neema tuvune leo kwa namna ambayo siku ile hatutaona haya.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.