Mbwa Akila Kakao

Ninyi mlioko Kyela huanika kakao uani, na mbwa yupo papo hapo. Jueni kwamba kakao ina sumu iitwayo theobromini. Mwili wa mtu huiondoa upesi. Wa mbwa hukawia. Chokoleti hutokana na kakao hiyo hiyo: gramu 50 tu za ile nyeusi zaweza kumdhuru mbwa wa kilo 10.

Mbwa wako akila, mnyang'anye iliyobaki, kadiria kiasi alichokula, kisha umwendee bwana mifugo mara moja. Usingoje atapike na kutetemeka. Dalili huweza kukawia saa nyingi. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, kwani chumvi nyingi nayo huua. Na maziwa, ambayo majirani watakushauri, hayaondoi sumu hii.