Andika jina nyuma ya foto

Maneno ya kikundi cha vijana wa foto, yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Katanika



Mwenyekiti alitupatia muda mufupi tueleze kazi ya foto. Hata kabla hatujasimama tulijua swali lililo kwenye roho za wengi: watu waliorudi juzi, wanaotafuta bati na mbegu ya muhogo, wana shida gani na kamera? Swali ni la haki. Tutajaribu kulijibu.

Sisi tuko sita, wavulana wanne na wasichana wawili. Wengine wetu tulikulia Nyarugusu, kule Tanzania. Wengine wametoka Zambia. Wengine hatukuvuka ziwa hata siku moja. Tulikimbia vijiji wakati wa vita ya Waluba na Watwa, tukalala chini ya bashi hapa hapa Katanika. Tuko na kamera moja tuliyonunua mukono wa pili, na telefone tano, mbili kati yake kioo kimepasuka. Tunapiga foto za ndoa, za ubatizo, za kadi ya shule, na za matanga. Hivyo ndivyo tunavyopata falanga ya chumvi na sabuni.

Lakini tusiwadanganye. Kila mmoja wetu anataka pia kujulikana. Anataka siku moja mtu wa Lubumbashi ao wa Kinshasa aone foto yake na aulize: nani amepiga hii? Hiyo si majivuno tu. Mupiga foto asiyejulikana halipwi, na watu wa kwake wanaelezwa na wageni.

Tuwape mufano wetu wenyewe. Wakati watu walianza kurudi vijijini, mwenzetu mmoja alipiga foto ya mama anayetembea barabarani na mulango wa mbao juu ya kichwa. Mulango mzima, na bawaba zake. Aliukimbia nao, akaulinda kambini, sasa alikuwa anaurudisha nyumbani. Mfanyakazi wa shirika moja, ambalo hatutalitaja, aliipenda ile foto kwenye telefone akaomba atumiwe. Mwenzetu alifurahi, akamutumia kwa WhatsApp, bila jina, bila tarehe, bila neno lolote.

Baada ya miezi tuliiona ile foto kwenye karatasi nzuri iliyochapishwa. Chini yake kulikuwa jina la shirika, na maneno haya kwa Kifaransa: mama anakimbia vita. Tulipomuonyesha mama mwenyewe, hakuuliza juu ya makuta. Aliuliza tu: “Juu ya nini wanasema nakimbia? Mimi nilikuwa narudi.”

Tulikosa la kumujibu. Tulikasirikia lile shirika, ndiyo. Lakini nusu ya kosa ilikuwa yetu. Tulitoa foto kama mtu anayetoa mtoto barabarani bila kumwambia jina la baba yake.

Tangu siku ile tulianza kuuliza wengine walifanya namna gani. Tuliyoyapata ni haya.

Kule Bamako, inchi ya Mali, kulikuwa seremala anaitwa Seydou Keïta. Mwaka 1935 mjomba wake alimuletea kamera ndogo ya Kodak. Mwaka 1948 alifungua studio yake mwenyewe, na watu wa mji wakaja na nguo zao nzuri, na redio zao, wapigwe foto. Aliweka negative zake vizuri, maelfu. Mwaka 1991 baadhi ya foto zake zilionyeshwa New York, lakini bila jina: mupiga foto hajulikani. Ikabidi mtu asafiri mpaka Bamako kumutafuta, na kumbe alikuwa mzima. Mwaka 1994 walimufanyia maonyesho Paris, na leo dunia nzima inamujua. Sasa fikirini: kama angekuwa ametupa zile negative, huyo aliyekuja kumutafuta angekuta nini?

Karibu zaidi na sisi kuko Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1978. Alianza na kuchora katuni. Aliazima kamera ili apate foto za kumusaidia kuchora. Hakwenda kutafuta mambo ya mbali. Alipiga mashine zilizokufa za Gécamines, kisha akaweka juu yake foto za zamani za wafanyakazi wa wakati wa wakoloni. Mwaka 2007 alipata zawadi kwenye maonyesho makubwa ya foto ya Bamako. Na hakubaki peke yake: mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha maonyesho Lubumbashi, wakayapa jina la Kiswahili chetu, Picha.

Na Kivu je? Mwaka 2020, wakati korona ilifunga njia, kulikuwa kazi moja iliyoitwa Congo in Conversation, ambayo ilionyesha foto za wapiga foto Wakongomani wenyewe. Vijana kama Arlette Bashizi na Moses Sawasawa walikuwa ndani yake. Wageni hawakuweza kusafiri, na waliokuwa hapa tayari walikuwa na macho na kazi ya kuonyesha.

Katika hawa wote tunaona jambo moja. Hakuna aliyejulikana juu ya kamera ya bei kali. Walikaa na kitu kimoja wanachokijua kuliko mgeni, wakakifuata muda murefu, na wakalinda kazi yao. Sisi tunajua nini kuliko mgeni? Tunajua kurudi. Tunajua ndakala zilizoanikwa kwenye mchanga, Lukuga inavyotoka ziwani, nyumba inayosimamishwa upya tofali kwa tofali, na jirani wa zamani wanaosalimiana mara ya kwanza tangu vita. Hiyo ndiyo kazi yetu, na hakuna atakayekuja kuifanya vizuri kuliko sisi.

Kwa hiyo tumejiwekea sheria, na tunaomba mukutano uzijue ili mutukumbushe.

Ya kwanza: kila foto inayotoka ina jina la mupiga foto, tarehe, mahali, na mstari mmoja wa kweli unaosema kitu gani kinafanyika. Ya kuchapishwa, tunaandika nyuma kwa kalamu. Ya telefone, tunaituma kama dokima, si kama foto ya kawaida, juu WhatsApp inaipunguza ubora.

Ya pili: tunauliza kabla ya kupiga, na tunauliza tena kabla ya kutuma. Mtu akisema hapana, ni hapana. Mama aliyetendewa mabaya wakati wa vita, uso wake hautoki. Mtoto, tunauliza mzazi.

Ya tatu: hatupigi askari, wala bandari, wala stesheni ya gari-moshi, bila karatasi ya ruhusa. Kamera ikinyang’anywa, kikundi kizima kimelala njaa.

Ya nne: tunaweka foto mahali pawili. Telefone inaanguka ziwani, inaibiwa, inaungua.

Ya tano: kabla ya kutuma foto mbali, tunaionyesha hapa. Watu wa Katanika ndio wa kwanza kusema kama ni kweli.

Kwa komite tunaomba jambo moja: ukuta wa ofisi. Kila mwezi tutabandika foto kumi tu, si mia. Kuchagua kumi kunafundisha kuliko kupiga elfu. Mgeni akija, ataona kazi yenye majina.

Kwa wafadhili tunaomba mawili. Mukitumia foto zetu, mutumie na jina na maneno tuliyoandika chini yake. Na musituombe foto za machozi peke yake. Machozi yapo, hatuyafichi. Lakini mukiona mama na mulango kichwani, mujue mulango ule umekwenda kusimamishwa, na nyuma yake kuna watu wanaolala usingizi. Makuta munayotoa yameingia humo pia. Si vizuri muone mwanzo wa habari na musione mwisho.

Tunamaliza. Wiki iliyopita tulimupelekea yule mama foto yake, tumeichapisha kwa makuta ya kikundi. Nyuma tuliandika jina la mwenzetu, mwaka, jina la barabara, na maneno matatu: mama anarudi nyumbani. Aliomba mjukuu wake amusomee mara mbili. Kisha akatuuliza kama tunaweza kuja tena, tupige mulango ukiwa mahali pake.

Tutakwenda Jumamosi.