Nani Alimleta Mnunuzi? Udalali wa Kidijitali na Haki ya Kamisheni

Udalali ni miongoni mwa kazi kongwe za biashara, na neno lenyewe, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lina asili ya maana ya kuelekeza: dalali ni yule anayemwonyesha mnunuzi mahali ilipo mali, kisha akapata ujira wake pale tu biashara inapofungwa. Biashara ambayo watu wa mitandaoni huiita afilieti, na ambayo katika mhadhara huu inaitwa udalali wa kidijitali, ni kazi hiyohiyo iliyohamia kwenye intaneti, ambako kampuni yenye bidhaa hukubaliana na mtu mwenye wafuasi, awe mwandishi, mtengeneza video au msimamizi wa kundi la WhatsApp, kwamba kwa kila mnunuzi atakayeletwa naye atalipwa sehemu ya bei, yaani kamisheni. Wahusika wakuu ni watatu, yaani muuzaji, promota (ndiye huyo mwenye wafuasi) na mnunuzi, ingawa mara nyingi huwapo na wa nne, ambaye ni mtandao wa kati unaohesabu mauzo na kugawa malipo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kiini cha mfumo huu si linki wala programu ya kompyuta, bali ni ushahidi: nani alimleta mnunuzi, na nani amepewa mamlaka ya kulijibu swali hilo.

Swali hilo halikuanza na kompyuta. Wanazuoni wa fiqhi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, wana mlango mzima unaoitwa ju'ala, yaani ahadi ya ujira kwa atakayetimiza jambo fulani, ambapo malipo hayafuati saa za kazi wala jasho lililotoka, bali hufuata matokeo. Ubora wa mkataba wa namna hiyo ni kwamba mwenye kuahidi halipi kabla ya kupata alichokitaka; ugumu wake ni kwamba mfanya kazi anaweza kuhangaika mwezi mzima akaambulia patupu, na kwa hiyo kutimia kwa jambo lililoahidiwa hakuna budi kuwe na alama iliyo wazi kwa pande zote mbili.

Mitandaoni, kazi hii ilianza Marekani. Mwaka 1989 William J. Tobin alianzisha duka la maua, PC Flowers & Gifts, katika mtandao wa Prodigy, na mwaka 1996 akaombea hataza utaratibu wake wa kuuza kupitia washirika, yaani mapromota, hataza iliyotolewa mwaka 2000. Duka la muziki la CDNow lilianza mpango wake mwaka 1994, na Julai 1996 Amazon, ambayo wakati huo iliuza vitabu tu, ikafungua mpango wa washirika ambao uliigwa na maduka mengi kwa sababu mtu yeyote mwenye ukurasa wa intaneti aliweza kujiunga bila kuonana na mtu. Hapo ndipo dalali alipoacha kuwa mtu anayejulikana kwa sura akawa namba.

Namba hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Linki ya mshirika wa Amazon, ukiiangalia herufi kwa herufi, huanza na anwani ya duka, ikafuatiwa na namba ya bidhaa, kisha alama ya kuuliza, na baada yake neno tag, alama ya sawasawa na jina la utambulisho la promota, ambalo kwa duka la Marekani humalizikia na kistari na namba 20, na kwa duka la Uingereza namba 21. Akiifuta mtu sehemu hiyo ya mwisho, bidhaa itafunguka vilevile, bei itabaki ileile, na mnunuzi hataona tofauti yoyote, ila promota atakuwa amefutika katika biashara hiyo kana kwamba hakuwahi kusema neno. Riziki ya mtu huyu, pamoja na usiku aliokesha akipima viatu au simu ili awaeleze wafuasi wake ukweli wake, imening'inia katika herufi chache tu.

Linki peke yake haitoshi, kwa kuwa watu wachache hununua papo hapo. Kwa sababu hiyo mfumo hutegemea kidakuzi, yaani faili dogo la maandishi ambalo tovuti huliacha ndani ya kivinjari cha mgeni ili imtambue akirudi, uvumbuzi uliofanywa mwaka 1994 na Lou Montulli katika kampuni ya Netscape. Kidakuzi kina umri wake: katika mpango wa Amazon ni saa 24 tangu linki ilipobonyezwa, isipokuwa kama bidhaa imewekwa kwenye kikapu ndani ya muda huo, ambapo umri hurefuka hadi siku 90, ilhali mipango mingine huanza na siku 30. Mnunuzi anayesoma uchambuzi siku ya Jumatatu, akaenda kumwuliza mwenzi wake, akasubiri mshahara na kununua Ijumaa, huwa amenunua kwa ushawishi wa promota, lakini katika daftari la duka lenye kidakuzi cha saa 24 huandikwa kuwa amejileta mwenyewe.

Tatizo kubwa zaidi liko katika kanuni ya mbonyezo wa mwisho, ambayo humpa kamisheni yote yule ambaye linki yake ilibonyezwa mwisho kabla ya malipo. Kanuni hii ni rahisi kuhesabika, na ndiyo sababu imedumu, lakini haki yake ni ndogo, kwa maana aliyemfundisha mnunuzi kwa nusu saa hupoteza kila kitu kwa aliyejitokeza mlangoni na kuponi ya punguzo. Mwishoni mwa mwaka 2024 shutuma za aina hii zilielekezwa kwa Honey, programu ya kutafuta kuponi ambayo PayPal iliinunua kwa takribani dola bilioni 4. Watengeneza video wa Marekani walidai mahakamani kwamba programu hiyo iliondoa alama zao na kuweka yake wakati mnunuzi akiwa tayari anakamilisha malipo, madai ambayo PayPal iliyapinga. Wizi ulio wazi nao umewahi kuadhibiwa: mwaka 2014 mahakama ya shirikisho huko California iliwahukumu vifungo washirika wakubwa wa zamani wa eBay kwa kupandikiza vidakuzi katika kompyuta za watu ambao hawakubonyeza linki yoyote, wakalipwa kwa wanunuzi ambao hawakuwaleta.

Kwa kampuni, uzuri wa mfumo huu ni kwamba hasara ya tangazo lisilozaa hubebwa na mwingine. Anayenunua nafasi redioni hulipa, watu wasikilize wasisikilize. Anayetumia promota hulipa baada ya fedha kuingia na, kwa kawaida, baada ya muda wa kurudisha bidhaa kupita. Ichukuliwe kwamba kiatu kinauzwa shilingi 80,000 na kamisheni ni asilimia 5: promota atapata shilingi 4,000 kwa kila jozi, na ikiwa katika watu mia waliobonyeza ni wawili walionunua, na mmoja akarudisha, mia hao wote watakuwa wamemletea shilingi 4,000. Kampuni huzungumzia mpango huu kama fursa kwa vijana, na kwa baadhi yao ni fursa kweli. Tovuti ya Wirecutter, iliyoanzishwa mwaka 2011 na kuishi kwa kamisheni za linki, ilinunuliwa na gazeti la The New York Times mwaka 2016 kwa takribani dola milioni 30. Lakini mwenye kupanga kiwango ni kampuni peke yake. Aprili 2020, Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka asilimia 5 hadi 1, kwa tangazo la siku chache tu, na walioajiri watu kwa kutegemea viwango vya awali hawakuwa na meza ya kukaa kujadiliana.

Ulinganisho na soko la Kariakoo, Dar es Salaam, unaangaza jambo hili. Winga wa Kariakoo, yaani kijana asiye na duka anayemdaka mteja mtaani au kupitia picha alizozitundika WhatsApp, akampeleka kwenye duka la mtu na kuongeza cha juu kwenye bei ya mwenye mali, anafanya kazi ileile kwa vyombo vingine. Naye ana hasara zake, kwa kuwa mteja akishalijua duka anaweza kurudi kesho peke yake, na hapo kidakuzi cha winga huwa kimekufa. Hata hivyo, winga hupanga cha juu chake mwenyewe, humjua mwenye duka kwa jina, na huziona fedha zikihesabiwa juu ya kaunta. Promota wa kidijitali huona tarakimu kwenye skrini, ambazo mara nyingi zimeandikwa na yuleyule anayepaswa kumlipa. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya biashara ya mitandaoni katika Tanzania na Kenya hufungwa kwa ujumbe wa simu na kulipwa kwa M-Pesa au fedha taslimu mzigo unapofika, njia ambazo kidakuzi hakizioni kabisa. Kwa mazingira hayo msimbo wa punguzo wenye jina la promota, ambao mnunuzi huutaja kwa kinywa chake, ni ushahidi bora kuliko faili lolote la kivinjari, na wauzaji wa Afrika Mashariki wangefanya vyema kuutumia badala ya kunakili mipango iliyotungwa kwa ajili ya kadi za benki za Marekani.

Mnunuzi naye ana haki yake, ambayo ni kujua kwamba anayemsifia bidhaa analipwa. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilirekebisha mwongozo wake mwaka 2009 ili uwafikie waandishi wa mitandaoni, ikaurekebisha tena mwaka 2023, na msimamo wake ni kwamba uhusiano wa malipo utajwe mahali ambapo msomaji hawezi kuukosa. Katika Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na Katiba ya Kenya, katika ibara ya 46, inalitaka Bunge litunge sheria ili matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya staha. Umuhimu wa jambo hili huonekana zaidi katika kamari, ambako ipo mikataba inayompa promota sehemu ya mapato ambayo kampuni imeyapata kutokana na mchezaji aliyemleta, yaani, kwa lugha iliyonyooka, sehemu ya alichopoteza mchezaji huyo. Promota wa viatu hufaidika mteja anaporidhika. Promota wa kamari katika mkataba wa aina hii hufaidika kijana aliyemwamini anapoliwa. Mikataba hiyo haistahili kuwekwa kundi moja na udalali wa halali, na inafaa ipigwe marufuku.

Serikali, kwa upande wake, imeshaiona kazi hii pale inapohusu kodi. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 iliitaja kamisheni ya afilieti kwa jina ndani ya tafsiri ya mapato ya maudhui ya kidijitali, na kuweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi. Kazi inayotambulika kwa kukatwa kodi inapaswa pia kutambulika kwa kulindwa, na ulinzi huo unaweza kuanza na karatasi moja tu. Kila kampuni inayotafuta mapromota katika nchi hizi iwape masharti kwa Kiswahili, yanayotaja asilimia ya kamisheni, umri wa kidakuzi au msimbo, hatima ya malipo bidhaa inaporudishwa, tarehe ya kulipwa, na muda wa notisi kabla ya kiwango kubadilishwa. Na kijana anayeletewa mkataba usiotaja mambo hayo asiutie saini.