Dafina ya Babu na Deni la Vita



Ziko familia nyingi Tanzania bara zinazosimulia kwamba babu yao, zama za Mjerumani, alifukia sanduku la rupia. Akaweka alama: jiwe, mbuyu, kona ya boma. Akafa kabla ya kumwonyesha mtu, au alimwonyesha mtu mmoja tu, na ukoo wa huyo mmoja unatuhumiwa mpaka leo. Sisi wanahistoria tumeiacha hadithi hii mikononi mwa waganga na matapeli. Jioni ya leo naidai. Ni ushahidi wa namna Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyoingia majumbani mwetu.

Nianze na dhahabu, maana kweli ilikuwepo. Manowari za Waingereza zilipofunga bahari, utawala wa Kijerumani uliishiwa sarafu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, zikatengenezwa sarafu za shaba, na pia sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Upande mmoja zina tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilipatikana kama 16,000. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na ushei, na robo tatu tu ya uzito huo ndiyo dhahabu halisi. Zikusanyeni zote, pamoja na zile zilizokwisha kuyeyushwa na zile zilizomo kwenye makabati ya wakusanyaji wa Ulaya: zitaenea ndani ya ndoo ya lita 20. Linganisheni ndoo hiyo moja na mashimo yaliyochimbwa kuzunguka maboma ya Mjerumani nchi nzima.

Basi babu alifukia nini? Wapo waliofukia rupia za fedha, na walifanya busara. Hapakuwa na benki kijijini, na majeshi yaliyokuwa yakipita yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Lakini pesa iliyosambaa zaidi siku zile za mwisho ilikuwa noti za muda, zilizochapishwa hapahapa nchini, ambazo thamani yake ilikuwa ahadi ya serikali tu. Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Mwaka uliofuata jeshi la Mjerumani likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, likiburuta askari na wapagazi waliokuwa wakihesabiwa mishahara bila kuipokea. Lilipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, askari wengi walibaki na vyeti vya madai mkononi. Wapagazi wengi hata cheti hawakuwa nacho. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi zaidi ya 90,000 wanakadiriwa kufa, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Mwaka 1964, nusu karne baada ya vita kuanza, serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Nawaomba mlitafakari jambo hilo. Taifa kubwa lilikiri kwamba kweli kulikuwa na mali ya babu zetu ambayo haikufika nyumbani. Naamini hapo ndipo penye chimbuko la sehemu kubwa ya hadithi za sanduku. Mjukuu aliyesikia mara mia kwamba babu "ana pesa zake za Mjerumani" alielewa kwamba zipo mahali fulani. Deni likageuka dafina, na ofisi ya mlipaji ikageuka mbuyu.

Mabadiliko hayo yana gharama, na ndiyo yanayoniuma. Deni lina mdaiwa, aliye mbali na anayejulikana. Dafina iliyopotea humtafuta mwizi humuhumu ukooni: bibi aliyedaiwa kuhamisha mtungi usiku, baba mdogo aliyejenga nyumba ya bati kabla ya wenzake. Nimewasikia ndugu wasiozikana kwa ajili ya sanduku ambalo hakuna aliyepata kuliona. Kisha huja "mtaalamu" na mashine yake, akitaka kwanza mbuzi wa kuliridhisha jini linalolinda, kisha fedha taslimu. Shamba linauzwa. Shimo linabaki.

Sisemi kwamba ardhi yetu ni tupu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wanaakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha na dinari chache za dhahabu, mali iliyofukiwa yapata karne ya 11. Sarafu zile zilitupatia majina ya watawala wa mwambao, kwa sababu zilichimbuliwa taratibu na kuandikwa zilipolala. Zingeibwa usiku, zingeuzwa kwa uzito wa fedha na majina yale yangepotea. Ili kuzuia hasara ya namna hiyo, huku Tanzania bara Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua malikale bila leseni.

Wanafunzi wangu, mwendapo likizo, kaeni na wazee wenye hadithi hizi. Waulizeni babu alitumikia kikosi gani, alipita njia ipi, alirudi na karatasi gani, nani alimwahidi malipo. Andikeni kama wanavyosema, hata mahali wanapopingana. Karatasi kuukuu iliyochakaa msiitupe. Ileteni idarani tuitunze kwa jina la ukoo wenu. Na atakayewaomba fedha ili achimbe, mnyimeni.